Pensheni kwa mtu wa msimu: Ghana, Brazil, Zanzibar na kikokotoo chetu, tukipima kwa mizani ya korosho

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala, kusini mwa Tanzania, hapokei mshahara. Hela yake inaingia kati ya Oktoba na Januari, minada inapofanyika, na ikifika Aprili imeshamalizwa na ada za watoto, deni la dukani, palizi na bati za nyumba. Wa Ruangwa au Nachingwea anayelima na ufuta anapata mkono wa pili katikati ya mwaka. Ukimtaka mtu huyu achangie uzee wake kila tarehe 30, unamdai miezi ambayo mfuko mtupu.

Ndiyo maana mtu wa Kusini akitaka kulinganisha pensheni za nchi mbalimbali asianze na asilimia. Aanze na hili: mchango unakatwa lini, na unakatiwa wapi? Halafu aulize ni nani anaongezea juu ya huo mchango. Mfumo usiojibu hayo mawili vizuri haumfai mkulima, hata kama unasifiwa dunia nzima.

Mfumo wa mshahara

Ujerumani ilitunga sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889: mfanyakazi anachangia, mwajiri anachangia, serikali inaongeza, na malipo yanaanza ukiwa na miaka 70. Mwaka 1916 umri ukashushwa hadi 65. Uingereza ilichukua njia nyingine mwaka 1908. Hakukuwa na mchango. Mzee maskini wa miaka 70 alilipwa kutoka kwenye kodi, hadi shilingi tano kwa wiki, na malipo ya kwanza yalitoka Januari 1, 1909. Mifumo mingi unayoisikia leo imetokana na mmoja wa hiyo miwili, au imechanganya yote miwili.

Afrika Mashariki baada ya uhuru ilianza na kitu cha tatu, mfuko wa akiba: Tanzania mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Unakatwa, mwajiri anaongeza, ukistaafu unachukua chote kwa mkupuo na habari imeisha. Tanzania iliugeuza kuwa pensheni ya kila mwezi kwa sheria ya mwaka 1997 ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Kenya ilipitisha sheria yake ya mageuzi mwaka 2013, ikakwama mahakamani hadi Mahakama ya Rufani ilipoamua Februari 2023. Uganda mpaka sasa inalipa kwa mkupuo, ila mwaka 2022 iliruhusu mwanachama wa miaka 45 aliyechangia miaka 10 achukue asilimia 20 ya akiba yake mapema.

Kwetu mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa mwaka 2018 ikawa PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kwa nusu. PSSSF mtumishi anakatwa 5 na mwajiri anaweka 15. Vurugu ilikuja kwenye kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Kanuni za 2018 zilitaka wote wapate mkupuo wa asilimia 25, wakati watumishi wengi wa umma walikuwa wamezoea 50. Mwezi Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa waliotoka kwenye 50, na 35 kwa waliotoka kwenye 25.

Tuiangalie hesabu yenyewe, maana watu hugombana na asilimia bila kuifungua. Chukua mfanyakazi wa kiwandani Mtwara aliyechangia miezi 240, yaani miaka 20, na wastani wa mishahara yake mizuri ya miaka mitatu katika kumi ya mwisho ni 600,000 kwa mwezi, sawa na 7,200,000 kwa mwaka. Kikokotoo kina namba mbili zake, 580 na 12.5. Miezi 240 gawanya kwa 580, zidisha kwa 7,200,000: unapata 2,979,310. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kwa mkupuo wa asilimia 33 unachukua asilimia 33 ya hiyo, unazidisha kwa 12.5, inakuja 12,289,655. Asilimia 67 iliyobaki ukiigawa kwa 12 ni 166,345 kila mwezi mpaka kufa.

Sasa pandisha mkupuo hadi 35. Unapokea 13,034,483, na ya mwezi inakuwa 161,379. Umeongezewa 744,828 mkononi na umepunguziwa 4,966 kila mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: miezi 150, miaka 12 na nusu. Aliyestaafu na miaka 60 akifika 72 na nusu wamelingana. Akiishi zaidi ya hapo, kila mwezi anapoteza. Mwenye ugonjwa mzito au deni la riba kubwa ana sababu ya kutaka mkupuo mnene. Mwenye afya njema, na ambaye mama yake alifika miaka 90, asishangilie ongezeko hilo haraka.

Kinachouma zaidi huku ni ile miezi 180. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miaka 15. Ukifika umri wa kustaafu bila kuitimiza unalipwa mara moja tu na hakuna cha kila mwezi. Mtu anayeajiriwa kubangua korosho miezi sita kwa mwaka, akifanya hivyo miaka 15, ana miezi 90. Kwa mwendo huo atahitaji miaka 30. Wengi hawalijui hili mpaka siku ya kupeleka fomu. Mwenye kazi ya vipande vipande aulize mapema ofisini namna ya kuendelea kuchangia kwa hiari miezi ambayo hana mwajiri, na aangalie taarifa ya michango yake kila baada ya miezi mitatu. Makato yaliyoonekana kwenye hati ya mshahara lakini hayakufika kwenye mfuko yanadaiwa kirahisi mwajiri akiwa bado yupo. Kampuni ikishafunga na kuondoka, utahangaika.

Pensheni ya wote

Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkaazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya serikali, bila kujali aliajiriwa au alikuwa mvuvi maisha yake yote. Baadaye zikawa 50,000. Mauritius imekuwa nayo kwa wote tangu 1958. Lesotho, nchi isiyo tajiri hata kidogo, ilianza mwaka 2004 kwa wenye miaka 70. Kenya iliwafungulia wote wa miaka 70 mwaka 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Uzuri wake ni kwamba haiulizi miezi ya michango. Bibi wa Kitangari aliyepalilia mikorosho ya mume wake miaka 40 angelipwa sawa na mwalimu mkuu mstaafu. Kinachohakikiwa ni umri na makazi basi, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia: wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na tarehe iliyoandikwa kwenye kitambulisho ilikadiriwa na mtu wa dawati. Makosa ya miaka mitatu kwenye kitambulisho ni miaka mitatu ya malipo. Ubaya wa pili ni kwamba kiasi hupangwa na bajeti. Hakipandi chenyewe bei ya unga inapopanda. Zanzibar ile 20,000 ilikaa miaka kadhaa kabla ya kuguswa.

Tanzania Bara hatuna mfumo huu. Ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, hutafuta kaya maskini. Mzee mwenye ekari tano za mikorosho iliyochoka huonekana anajiweza, hata kama hana nguvu ya kuzipulizia salfa.

Ghana: kukata kwenye mizani

Hapa tukae kidogo, maana kakao ya Ghana na korosho yetu ni ndugu. Ghana ilikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyotaka wakulima wa kakao wawe na pensheni, ikakaa kabatini zaidi ya miaka 30. Mpango wenyewe ulizinduliwa Desemba 2020. Mkulima anachangia asilimia 5 ya mauzo yake ya kakao, na COCOBOD, bodi ya kakao, inaongeza asilimia 1. Kabla ya kukata ilibidi kwanza wakulima waandikishwe kwenye kanzidata moja. Kazi hiyo ya uandikishaji si ya kubezwa, bila hiyo fedha inakatwa bila kujulikana ni ya nani.

Linganisha na mzunguko wa korosho. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, karani anapima na kuandika, mzigo unakwenda ghala kuu chini ya stakabadhi ghalani, unapigwa mnada, fedha inashuka kwa chama kikuu na AMCOS, makato ya ushirika na tozo nyingine yanatolewa, kinachobaki kinaingia benki kwa jina la mkulima. Sehemu ya kukatia pensheni tayari ipo. Mkulima anayaona makato yale kwenye hati ya malipo. Mstari mmoja zaidi hautageuza kazi ya karani.

Chukua kilo 1,200 kwa bei ya 2,500, kwa mfano. Mauzo ni 3,000,000. Asilimia 5 ni 150,000 kwa msimu, na asilimia 1 ya kuongezewa ni 30,000. Mwaka ambao bei imeanguka au korosho zimeharibiwa na mvua, mchango unashuka wenyewe, wala mkulima hatadaiwa malimbikizo. Hili ndilo linaloufanya mfumo wa zao uushinde ule wa kiasi kilekile kila mwezi.

Lakini malizia hesabu. Miaka 20 ya 180,000 bila faida ya uwekezaji ni 3,600,000. Ukizigawa kwa miezi 180 ya uzee unapata 20,000 kwa mwezi, kiasi kilekile ambacho Zanzibar ilianza kumpa mzee wake bure mwaka 2016. Faida ya uwekezaji itakiongeza, mfumuko wa bei utakila. Kwa hiyo anayewaambia wakulima kwamba makato ya zao pekee yatawalea uzeeni anawadanganya. Yanafaa kama yana mwenza, yaani mtu wa kuongezea zaidi ya hiyo asilimia moja. Na kwenye korosho chanzo si cha kubuni: korosho ghafi inayouzwa nje inatozwa ushuru, na hadi mwaka 2018 asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa ikirudi kuendeleza zao. Kuugawa si jambo geni.

Mfumo huu una adui anayejulikana kijijini kwa jina lake: kangomba. Mkulima aliyebanwa mwezi wa nane akauza korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupwa, mzigo wake utafika mizani kwa jina la mnunuzi. Asilimia 5 itaingia kwenye akaunti ya yule wa kangomba. Yaani maskini kuliko wote ndiye atakayekosa michango, na tajiri wa kijiji atajengewa pensheni kwa jasho la wengine. AMCOS inayotaka makato ya uzee bila kuwa na mkopo mdogo wa kuwavusha wanachama mwezi wa saba mpaka wa tisa itajikuta inalifanya tatizo hili kubwa zaidi.

Brazil: miezi 180 ya aina nyingine

Brazil mwaka 1971 iliweka pensheni ya vijijini ya nusu ya kima cha chini cha mshahara, na alilipwa mkuu wa kaya tu. Katiba ya 1988 ikabadili yote mawili: kiasi kikawa kima cha chini kizima, na mwanamke akalipwa kwa haki yake. Sheria ya 1991 ikaanza kuitekeleza, mwanamume akiwa na miaka 60 na mwanamke 55. Mkulima mdogo hukatwa asilimia ndogo kwenye mauzo ya mazao, na mnunuzi ndiye anayekata.

Angalia sharti lake: miezi 180, namba ileile ya kwetu. Tofauti ni kinachohesabiwa. Kwetu ni miezi uliyochangia. Brazil ni miezi uliyofanya kazi ya shamba, na unaithibitisha kwa hati za ardhi, risiti za mauzo, na kumbukumbu nyinginezo. Mwaka ambao ukame uliua kila kitu na hukuuza hata kilo, miezi 12 ile bado ni yako, kwa sababu ulilima.

Gharama yake ni kubwa. Makato ya mauzo hayakaribii kulipia pensheni hizo. Sehemu kubwa inabebwa na kodi na michango ya watu wa mijini. Na ushahidi uligeuka uwanja wa ujanja, maana kwa miaka mingi chama cha wakulima kiliweza kumtolea mtu tamko kwamba ni mkulima, hadi serikali ilipobana utaratibu huo mwaka 2019. Anayewaza kuiga hili Lindi na Mtwara ajue kwamba daftari la AMCOS ndilo litakalokuwa shahidi. Kama daftari linaandika jina la baba tu, mke na binti wanaookota korosho na kutenganisha mabibo hawapo.

Kidogo kidogo kwa simu

Kenya ina Haba Haba ya NSSF yao, kuanzia shilingi 25 za Kenya kwa siku. Rwanda ina Ejo Heza, iliyoanza Desemba 2018, ambako serikali iliongezea mchango wa wenye kipato kidogo: wa madaraja ya chini aliyefikisha faranga 15,000 kwa mwaka aliwekewa nyingine kiasi hichohicho. Kuongezewa huko ndiko kulikowavuta watu, kuliko matangazo. Rwanda hiyohiyo iliuacha mchango wa waajiriwa kwenye asilimia 6 kwa miongo mingi, halafu Januari 2025 ikaupandisha hadi 12 kwa mara moja. Aliyelala muda mrefu huamka na mzigo.

Njia ya simu inamfaa mvuvi wa Msanga Mkuu au Kilwa Kivinje, mama lishe, na bodaboda, wanaoshika hela kila siku. Mkulima wa msimu huanza vizuri Novemba na kunyamaza Machi.

Nani achague nini

Mwajiriwa wa kudumu abaki NSSF au PSSSF na ahesabu miezi yake, si mshahara tu. Aliyebakiza miaka miwili kutimiza 180 asiache kazi kwa hasira.

Mkulima wa chini ya miaka 45 asisubiri Serikali iige Ghana. Aende NSSF kama mchangiaji wa hiari, na kabla hajatoa hata shilingi aulize swali hili: nikilipa mara moja Desemba, kiasi hicho kinaandikwa kama michango ya miezi 12 au ya mwezi 1? Jibu lije kwa maandishi, au alione kwenye taarifa ya michango baada ya malipo ya kwanza. Miaka 15 ya kulipa kila msimu ikiandikwa mwezi mmoja mmoja ni miezi 15, na hapo atakuwa na akiba tu, pensheni hana. Halafu aelekeze benki ikate siku malipo ya korosho yanapoingia, kabla hajafika kwenye mashine ya kutolea fedha.

Mwenye miaka 45 hadi 55 ana nafasi finyu ya kutimiza 180. Achague akiba anayoweza kuichukua, na sehemu aiweke kwenye kupandikiza mikorosho mipya ya vikonyo bora kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, ianze kumzalia kabla nguvu hazijaisha.

Aliyepita 60 hasaidiwi na mchango wowote. Kwake mfumo wenye maana ni wa Zanzibar peke yake, na hilo ni la kumdai mbunge, si la kumdai mzee.

Kwa AMCOS inayotaka kuleta ajenda ya makato ya zao kwenye mkutano mkuu, kazi ianze miezi sita kabla ya msimu. Majina matatu ya mwanachama yafanane herufi kwa herufi kwenye daftari la AMCOS, kitambulisho cha taifa cha NIDA, na akaunti ya benki. Mohamedi wa daftarini na Muhamedi wa NIDA ni watu wawili kwenye kompyuta ya mfuko. Mke aliye na shamba lake apewe namba yake. Fedha iende moja kwa moja kwenye mfuko kutoka benki, isipite kwenye akaunti ya AMCOS hata kwa siku moja. Na kila mwanachama aondoke na karatasi inayoonyesha kilo, bei, mauzo, na mstari wa mchango ukiwa na namba yake ya uanachama, kisha Februari aulinganishe mstari huo na taarifa ya mfuko wakati karani aliyeupima mzigo bado anakumbuka.